Shangazi wa Maabara

Ndoano ilikuwa tupu. Kwa miaka mingi ilibeba kiunzi cha mifupa ya binadamu, mifupa ya kweli wala si plastiki, na wasichana wa shule ya Gesima walikipa jina la Shangazi. Sasa Shangazi hayupo, kufuli la maabara halina hata mkwaruzo, na Inspekta Drusilla Nyakerario anazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Keti kidogo, Inspekta," mwalimu mkuu, Bi Ruth, alimsihi.

"Nikiketi sifikiri. Ufunguo hukaa na nani?"

"Na Loice wa Kidato cha Nne, kiranja wa maabara. Ndiyo maana wenzako walimchukua jana."

"Amekiri?"

"Analia tu."

"Kulia si kukiri. Mtihani wa vitendo wa biolojia ni lini?"

"Kesho asubuhi. Asipoufanya, udaktari autoe akilini."

Drusilla alitoka bila kuaga. Alikasirika: mtoto wa watu amefungiwa kwa sababu ya ufunguo, kana kwamba ufunguo una miguu.

Kituoni alimkuta Loice kwenye benchi, macho yamevimba, akinong'ona hatua za kupima wanga kwa iodini.

"Ulimpa nani ufunguo?"

"Sikumpa mtu, Afande."

"Nani aliuomba, basi?"

Msichana alitazama viatu vyake. "Mwalimu haombi, Afande. Akinyoosha mkono, unampa."

"Mwalimu yupi?"

"Mwalimu Josiah wa biolojia. Aliuchukua Ijumaa. Lakini si yeye. Ana matanga kwao."

"Mbona hukusema?"

"Nitamtajaje mtu aliyefiwa?"

Matanga hayo Drusilla alikuwa ameyasikia. Mose, mdogo wake Josiah, alizama ziwani na mwili haukupatikana. Mama yao, Bitutu, akawa hali wala halali. Wazee wakaamua kufanya walivyofanya wa kale: likatwe shina la mgomba, livishwe shuka, lizikwe Jumapili badala ya mtu, ili Mose awe na kaburi kwao. Drusilla mwenyewe ni mzaliwa wa Magwagwa, kwenye mila hiyohiyo. Hakuhitaji kuelezwa.

Alifika bomani kwa kina Josiah asubuhi hiyohiyo. Bitutu alikuwa ameketi kando ya kaburi akichambua maharagwe, uso umetulia. Josiah alimkaribisha mgeni kiti.

"Pole kwa msiba, Mwalimu. Ijumaa ulitaka nini maabara?"

"Kutayarisha vifaa vya mtihani."

"Na Shangazi ulimwacha akining'inia?"

"Nilimwacha, Afande. Waulize wasichana."

Jibu lilitoka haraka mno. Drusilla hakukaa. Miguu ilimwasha, akazunguka nyuma ya jikoni hadi kwenye zizi, Josiah akimfuata unyounyo. Ng'ombe walikuwa wakitafuna shina la mgomba. Lilikatwa sawasawa pande zote mbili, urefu wa mtu mzima, na katikati lilikuwa bado limefungwa kipande cha shuka nyeupe.

Inspekta alisimama tuli kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mwalimu, mbona ng'ombe anamla ndugu yako?"

Josiah aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alijifunika uso kwa viganja.

"Sikuona vyema litupwe bure," alisema. "Shina ni chakula cha ng'ombe."

"Ukulima umekuponza. Sema yote."

"Mama alilishika lile shina kabla halijafunikwa. Akaniuliza, 'Josiah, kweli nililie mgomba?' Nikakumbuka kuna mtu kule maabara, miaka yote ananing'inia, hana kaburi. Nikamleta ndani ya gunia. Nikamvisha shuka mwenyewe, nikawaambia jeneza lisifunguliwe."

"Ukaacha Loice afungwe?"

"Ningekuja kusema matanga yakiisha."

"Na mtihani ungemngoja?"

Drusilla alipiga simu kituoni papo hapo. "Mwachilieni yule msichana. Mrudisheni shuleni kwa gari, na mumwombe radhi." Kisha akamgeukia Josiah, pingu mkononi. "Kaburi litafukuliwa kwa amri ya mahakama. Unalijua hilo."

"Najua."

"Wasichana walimwita Shangazi. Ni wewe uliyewafundisha kuisoma nyonga pana."

"Ni mimi."

"Basi mama yako analilia mwanamke asiyemjua."

"Ndiyo, Afande." Josiah aliinua macho. "Na yule mwanamke, ni nani mwingine aliyewahi kumlilia?"

Drusilla alizungusha pingu mkononi. Alitaka kumchukia mtu huyu, na nusu yake ilikuwa bado inamchukia kwa ajili ya Loice.

Nyayo zilisikika. Bitutu alikuja akishika ukuta, kikombe cha chai mkononi.

"Mgeni hajapewa kitu," alimwambia mwanawe. Kisha kwa Drusilla: "Kunywa, mwanangu. Leo ndiyo siku ya kwanza nimeamka na njaa."

Inspekta alirudisha pingu mfukoni. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akaketi.