Majalada Saba ya Corinne

Kila asubuhi Duane Prentiss hufunga vyakula viwili. Kimoja ni chake, cha kupeleka karakana anakobadilisha mabomba ya moshi ya magari. Kingine ni cha binti yake, Corinne. Mkate, nyama baridi, tufaha. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo Duane hufanya kila kitu kwa mikono yake na kwa manung'uniko yake.

Septemba iliyopita Corinne aliingia darasa la tisa, mwaka wa kwanza wa sekondari. Shule ilikuwa imetuma orodha ya vifaa tangu Julai. Duane alinunua vyote siku moja, hakuacha hata rula. Majalada saba manene ya kubania karatasi kwa pete tatu, moja kwa kila somo. Penseli za rangi ishirini na nne. Bikari.

"Hakuna atakayesema mtoto asiye na mama hana vifaa," alimwambia muuzaji. Muuzaji hakuwa amemwuliza kitu.

Begi likawa zito kama betri ya lori.

Jumatatu ya wiki ya tatu, mwalimu wa aljebra alipiga simu karakanani. Corinne alikuwa hajakabidhi kazi nne za nyumbani. Zisipoonekana kufikia Ijumaa, atahamishiwa darasa la hesabu za chini.

Duane alirudisha simu mahali pake. Yeye mwenyewe alishushwa hivyo hivyo akiwa na miaka kumi na minne. Mwaka uliofuata aliacha shule. Hakuna aliyejisumbua kumpigia baba yake simu.

Jioni walikaa mezani.

"Nilizifanya, Baba," alisema Corinne. "Si uliniona? Nilikaa hapa hapa."

"Ziko wapi?"

"Sijui."

"Hujui. Karatasi zimeota miguu?"

"Kengele ikilia tuna dakika tano tu. Kabati langu liko ghorofa ya chini kabisa, na aljebra iko ghorofa ya tatu. Majalada saba siyawezi. Nayaacha kabatini, karatasi nazitia tu begini."

"Lakini ni wao waliosema saba," alisema Duane. "Wakubwa wa shule wanakalia viti vya kuzunguka, wanaandika orodha, mtoto anavunjika mgongo. Halafu anayeshushwa ni mtoto. Mkubwa hashushwi."

Mlango ulibishwa. Alikuwa jirani yao, Verna Tibbets, na bakuli la makaroni ya jibini. Verna alipanga barua posta kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu.

"Nimesikia wakubwa wanatukanwa mpaka jikoni kwangu," alisema. "Leo wamefanya nini?"

Corinne alimweleza. Verna alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogeza sahani pembeni.

"Mwaga begi, mjukuu wangu."

Zikamwagika karatasi zilizokunjamana, kalamu kumi na saba, soksi moja na ganda la ndizi.

"Hii ni posta ya nchi gani?" aliuliza Verna.

Corinne akacheka. Duane hakucheka.

Walinyoosha karatasi moja moja. Kazi tatu za aljebra zikapatikana, mojawapo imegandana na ganda la ndizi. Ya nne haikuonekana.

"Hiyo utaifanya upya usiku huu," alisema Verna. "Sasa sikiliza. Barua haipotei kwa sababu ni ndogo. Inapotea mtu akisema, ngoja niiweke hapa kwanza. Hapa kwanza ndiyo kaburi la barua. Kesho unaanza na somo gani?"

"Historia."

"Basi historia ikae mbele. Sisi tulipanga barua kwa kufuata nyumba atakazopita tarishi, si kwa ukubwa wala kwa uzuri wa stempu. Chukua jalada moja. Moja tu. Weka kadi ya kutenganisha kila somo, kwa kufuata ratiba yako."

"Na kazi za nyumbani?"

"Tafuta faili jepesi lenye mifuko miwili. Kushoto, karatasi za kubaki nyumbani. Kulia, za kurudi shuleni. Ukimaliza kazi, itie kulia hata kabla hujainuka kitini. Mwalimu akitaja siku ya kukusanya, iandike papo hapo kwenye daftari dogo. Usikiamini kichwa, Corinne. Hata changu kilinidanganya."

"Orodha ilisema saba," alirudia Duane.

"Hebu niione."

Orodha ilikuwa mlangoni mwa friji, imebanwa na sumaku chini ya karatasi nyingine. Verna aliigeuza. Nyuma palikuwa na mistari miwili: wazazi wasubiri wiki ya kwanza, kila mwalimu aseme anachotaka, ndipo wanunue majalada.

"Hii uliisoma, Duane?"

Duane aliichukua, akaisogeza karibu na macho.

"Wameandika nyuma," alisema. "Kwa herufi za sisimizi."

"Kweli, na hilo ni kosa lao. Kutogeuza ni lako, bwana wewe."

Kesho yake Corinne aliwauliza walimu wote. Mwalimu wa biolojia peke yake ndiye aliyetaka jalada la somo lake, nalo lilikaa darasani. Penseli za rangi zilitakiwa kwenye jiografia tu. Zikabaki kabatini mpaka siku ya ramani. Mfuko mdogo ukabeba kalamu mbili, penseli mbili na kifutio. Jalada moja lilimtosha kutwa nzima, na kabatini akawa anapita wakati wa chakula tu.

Ijumaa simu ililia tena karakanani. Duane alifuta grisi mikononi polepole kabla ya kuipokea.

Kazi zote nne zimefika, alisema mwalimu. Alama zimepungua kwa kuchelewa. Lakini Corinne anabaki aljebra.

"Ahsante, mwalimu," alisema Duane. Kisha akaongeza, "Na ile orodha yenu. Yale maneno ya nyuma, mwakani yaandikeni mbele."

Mwalimu aliahidi kuufikisha ujumbe. Duane hakumwamini sana.

Jumapili baada ya chakula, Corinne alimwaga begi mezani kama alivyofundishwa. Kwa dakika kumi alitupa za kutupa, akazitia nyingine mahali pake. Majalada matano yalikuwa rafuni, hayana kazi. Duane alimtazama, halafu akashusha moja. Akang'oa karatasi zote zilizobanwa mlangoni mwa friji, akaketi karibu na binti yake. Kwenye kadi ya kwanza aliandika SHULE.

Kila karatasi aliigeuza, akaanza kusoma nyuma.