Mchakato Uliobaki

Aliyenisimulia ni Lachlan mwenyewe, mwandika programu wa hapa Hobart, na tangu siku ile hali nyama. Jaribio lao la msimbo wa C++ lilikuwa rahisi: linawasha michakato sita, yaani programu ndogo zinazofanya kazi kwa pamoja, linaiua yote, kisha linahesabu iliyobaki. Jibu sharti liwe sifuri. Tangu Jumatatu, kila lilipoendeshwa, lilileta moja, daima kutoka kwenye mashine kuukuu ya stoo.

"Shuka stoo ukaichomoe hiyo mashine, bwana," mkuu wake, Bronwyn, akamwambia. "Na usije ukasingizia panya."

Taa ya huko chini ilikuwa imeungua. Lachlan akapapasa gizani, akachomoa waya wa umeme. Feni ikaendelea kukoroma taratibu, kama kifua chenye makohozi. Akafungua kasha kwa mwanga wa simu. Ndani hamkuwa na bodi ya kompyuta; mlikuwa na bonge la nywele za kijivu, zinazochuruzika ute, likipanda na kushuka. Uvundo ukamkaba, akatapika papo hapo.

Simu ikalia.

"Umefanyaje wewe?" Bronwyn alikuwa akicheka. "Jaribio limepita! Sifuri!"

Lachlan akamulika tena. Kasha lilikuwa tupu. Mkoromo sasa ulitokea nyuma yake, na pumzi ya uvuguvugu ikamlowesha kisogo.