Picha Ambayo Haikupanda

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya chai, mkunga mstaafu alifungua tovuti yake na kukuta kumbukumbu zote alizoandika zimefutwa. Mahali pake palibaki ukurasa mmoja: "Yote niliyosimulia humu nimeyatunga mwenyewe. Mnisamehe." Chini yake liliwekwa jina lake.

Hakulia. Alimpigia simu mpelelezi wa makosa ya mitandao, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa shingo, ambaye kila mtu alimwita Afande.

"Wiki hii nilitaka kuanza sura ya mwisho," mkunga alimwambia walipoketi sebuleni. "Inamhusu mzazi aliyefia wodini kwetu. Mhudumu wa wodi alifukuzwa kazi, wakisema hakumwita muuguzi wa zamu. Alimwita, Afande. Alizunguka jengo zima akimtafuta."

"Huyo mhudumu yuko wapi sasa?"

"Kitandani, hainuki tena. Nilimwahidi atasafishwa jina angali hai. Sasa nani atamwamini shahidi aliyekwisha kujiita mwongo?"

"Na muuguzi wa zamu alikuwa nani?"

Mkunga alitazama mikono yake. "Hilo litakuwemo kwenye sura."

Afande hakumbana. Kampuni inayotunza seva ilikuwa imeshamjibu: aliyeingia alitumia nywila sahihi, Jumapili alasiri, kupitia intaneti ya nyumba hiyohiyo. Siku hiyo walikuwepo watu watatu zaidi ya mwenye nyumba: mwanawe, fundi wa kompyuta, na mdogo wake wa kike. Nywila yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, maana mkunga aliamini kwamba asiyeaminika hakaribishwi ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, Afande aliwaza, na wewe umekishonea mfuko.

Aliufungua ule ukurasa. Chini ya maneno palikuwa na kiboksi kitupu, kile kinachobaki picha inapokosekana. Akachungulia maandishi ya ndani yanayoujenga ukurasa, akasoma mstari mmoja mara mbili, kisha akaomba waitwe wale watatu, mmoja mmoja.

Mwana aliingia na tai shingoni. Alikuwa ofisa wa utawala katika hospitali ileile.

"Ni kweli nilimsihi mama aache," alisema. "Nakula mkate wa pale. Lakini kumwaibisha mama yangu? Hapana."

"Ukurasa umeuona?"

"Maneno mawili matatu na kiboksi kitupu. Nikaufunga."

Fundi aliingia akiwa amenuna, kwa sababu duka lake lilikuwa limefungwa tangu asubuhi na majirani walikwisha kumhukumu.

"Mligombana na mama Jumapili," Afande alisema.

"Nilimwambia aibandue ile nywila ukutani. Akaniambia nina roho ya wasiwasi." Akatabasamu kwa uchungu. "Ningekuwa mimi, Afande, nisingeacha lile tundu la picha. Ile ni kazi ya mtu wa nusu somo."

"Nani mwingine hupandisha kurasa mtandaoni?"

"Mama mdogo. Dada yake macho yamechoka, kwa hiyo yeye ndiye anayemchapia, kwa kompyuta yake ndogo anayokuja nayo. Nilimfundisha kupandisha maandishi tu. Picha napandisha mwenyewe."

Mdogo mtu, naye muuguzi mstaafu, alikuja na kitambaa mkononi, macho mekundu.

"Wamemdhalilisha dada yangu," alisema. "Wakaona haitoshi, wakamwekea na ile picha yake ya sare, amesimama mlangoni mwa wodi. Ni ukatili ule."

"Ni ukatili," Afande alikubali. "Uliiona wapi?"

"Hapo hapo kwenye tovuti. Leo asubuhi, kwenye kompyuta yangu."

Afande alimhurumia, na hilo lilimuudhi. Kisha akawaita wote sebuleni, akaugeuza uso wa kompyuta wauone.

"Mwana aliona kiboksi kitupu. Fundi alikiona. Mwenye nyumba alikiona, nami ninakiona. Picha haikupandishwa kwenye seva. Aliyetengeneza ukurasa aliuelekeza ukaichukue ndani ya kompyuta yake mwenyewe, akapandisha maandishi, akaiacha picha humo humo." Akamgeukia mdogo mtu. "Mama, leo asubuhi hukufungua tovuti. Ulifungua faili lililobaki kwenye mashine yako, ukadhani ulimwengu mzima unaona unachokiona wewe. Hakuna mwingine ambaye angejua kuna picha ya sare."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuna aliyeifurahia. Yule mama alikikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Nilikuwa zamu," alisema hatimaye. "Nilikwenda chumba cha nguo kujilaza kidogo. Nilikuwa nimechoka, dada. Walipouliza, nikasema sikuitwa. Uliponiambia utaandika, nikaona nimekwisha."

"Kwa hiyo ukanimaliza mimi," mkunga alisema. "Nimekubeba mgongoni tukiwa wadogo. Nisingekuvizia kwa kalamu. Ile sura sijaandika hata neno. Nilikuwa nakusubiri uje uichape wewe, tukifika hapo nione kama utaliandika jina lako."

Mwana aliinamisha kichwa. Afande alikohoa. "Mama, ukitaka kushtaki, naandika maelezo sasa hivi."

"Kesi nayo itapata siku yake. Kuna mtu kitandani hana siku za kugawa." Mkunga akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Fundi, zirudishe kurasa zangu, nakala unazo. Na wewe, mdogo wangu, kaa hapa. Andika."

Mdogo mtu alikaa. Aliandika, akafuta, akaanza upya, mpaka mstari wa kwanza ukasimama: muuguzi wa zamu nilikuwa mimi. Baada ya hapo hakusita tena. Alipomaliza, fundi alimwelekeza, naye akaipandisha sura ile kwa mkono wake. Afande akaifungua kwenye simu yake na kuisoma hadi mwisho.

"Imefika," alisema.

"Yule mhudumu haoni vizuri siku hizi," mdogo mtu alinong'ona. "Nani atamsomea?"

Mkunga alikuwa amekwisha kusimama kutafuta viatu.

"Wewe," alisema. "Twende."