Upande wa Pili wa Karatasi ya Kura

Baba yangu, Orrin Haskell, alikuwa na ugomvi na Washington. Kila asubuhi alikaa mezani na kahawa yake, akaigombeza televisheni kama vile inamsikia. Rais huyu hafai. Yule wa kabla yake naye hakufaa. Mama alimwacha aseme, akaendelea kukaanga mayai.

"Umemaliza kuitawala nchi?" Mama alimuuliza siku moja. "Basi katupe takataka."

Mimi naitwa Tess, mtoto wao pekee. Kwetu ni bondeni, katika vilima vya jimbo la Ohio, Marekani. Siku ya uchaguzi, mwezi wa Novemba, tulikwenda watatu kupiga kura kwenye ukumbi wa zimamoto.

Karatasi ya kura ya kwetu ni ndefu, na ina maandishi pande zote mbili. Juu kabisa yuko rais. Chini yake wanafuata wabunge, majaji, sherifu na makamishna wa kaunti. Nyuma kuna maswali ya kujibu ndiyo au hapana. Mama alisoma kila mstari. Baba alitia wino kwenye kiduara cha rais, akatoka zake. Tulimkuta garini anapiga honi.

"Umejaza zote kweli?" nikamuuliza.

"Nimejaza iliyonileta. Hao wengine hata siwajui."

"Na nyuma je?" Mama akasema. "Nyuma kuna swali la gari la wagonjwa."

"Lorna, twende nyumbani. Nina njaa."

Februari ikaja na barafu. Jumanne moja, saa nne asubuhi, Mama aliinama kutoa nguo kwenye mashine ya kufulia, akaanguka. Hakuwa akipumua. Nikapiga simu ya dharura, tisa-moja-moja. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Aliniambia gari limeshaondoka.

"Linatoka wapi?"

"Linatoka mjini."

"Mbona mbali hivyo? Kituo si kiko hapa chini, dakika nane tu?"

"Hicho kilifungwa mwaka mpya, dada. Mkandamize kifua, usiache."

Kumbe nilikuwa nimepita pale mara mbili, nikaona mlango umefungwa, nikadhani ni kwa sababu ya baridi. Nikamkandamiza Mama kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Baba akanipokea, kisha mimi tena. Gari lilifika baada ya dakika arobaini na saba. Mama alikuwa ameshafariki.

Baada ya mazishi, Baba alimwandikia rais barua ya kurasa nne. Kisha akamwandikia mbunge wetu wa taifa. Rais hakujibu. Ofisi ya mbunge ilijibu: poleni sana, ila huduma hiyo iko chini ya kaunti yenu.

"Wanarushiana mpira," Baba akasema, akaitupa barua mezani.

Delphine Roark alitukuta hivyo. Ni jirani yetu, na alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Alikuja na bakuli la viazi vya kuoka, maana alijua hatupiki.

"Delphine, Washington imeniulia mke."

"Siyo Washington, Orrin." Akakaa, akavua glavu. "Rais ana jeshi na mambo ya nchi za nje. Bunge la taifa linatunga sheria za nchi nzima. Gavana na bunge la jimbo wana mambo ya jimbo. Gari la wagonjwa la bonde hili ni la kaunti. Rais hata akitaka, hana amri juu ya kituo chetu."

"Basi nani alikifunga?"

"Sisi. Kituo kiliendeshwa kwa kodi ndogo ya nyumba na mashamba. Kila baada ya miaka mitano wananchi lazima waulizwe kama iendelee. Tuliulizwa Novemba."

"Mimi sikuulizwa na mtu."

"Uliulizwa kwa maandishi, nyuma ya karatasi. Hapana ilishinda kwa kura tisa. Na watu mia mbili na kumi na wawili waliacha pale patupu. Karatasi ipi ni ya nani, hakuna ajuaye. Kura ni siri. Inayojulikana ni idadi tu."

Baba aliichukua ile barua ya mbunge, akaikunja.

"Mmoja wao ni mimi," akasema.

Delphine hakumwambia pole. Hata mimi sikumwambia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na nilikuwa na hasira naye hata sikutaka kumtazama. Mama alimwambia kwa mdomo wake, naye akajibu ana njaa.

"Nifanye nini sasa?" akauliza.

"Makamishna wa kaunti ni watatu. Wanakutana kila Jumatano asubuhi, na mlango uko wazi. Mwananchi yeyote ana dakika tatu za kusema. Waombe walirudishe swali hilo kwenye kura."

"Dakika tatu tu?"

"Zinatosha, kama huanzi na rais."

Nilimpeleka. Zamu yake ilipofika alisimama, kofia mkononi.

"Naitwa Orrin Haskell. Mke wangu alikufa sakafuni akisubiri gari. Niliulizwa kama nalitaka, nikaacha patupu. Nawaomba mniulize tena."

Hakumaliza hata dakika moja. Baada ya wiki mbili makamishna walikubali. Swali lingerudi Novemba.

Kiangazi chote Baba alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya mfano. "Ukifika, igeuze," alikuwa akisema. "Swali liko huku nyuma." Wengine walimsikiliza. Wengine walimfungia mlango. Marlene Tibbs, anayekaa kilimani juu ya nyumba yetu, alimcheka.

"Orrin Haskell anaombea kodi? Leo jua limechomoza magharibi. Nitasoma kila mstari, na hapo nitaweka hapana."

"Weka unachotaka," Baba akasema, akamwachia karatasi.

Novemba, ndiyo ilishinda kwa kura sitini na moja. Kituo kilifunguliwa Machi. Mama alikuwa na mwaka na siku kadhaa kaburini.

Aprili, saa sita mchana, gari la wagonjwa lilipita mbele ya nyumba yetu likipiga king'ora. Lilikuwa linakwenda kwa Marlene Tibbs. Ulikuwa moyo, kama wa Mama. Lilimfikia kwa dakika tisa, akapona. Baba alisimama barazani mpaka gari liliposhuka naye, kisha akaingia chumba cha kufulia. Nilimsikia analia. Nikamfuata, nikamshika bega. Tangu mazishi sikuwa nimemgusa.

Mwezi uliofuata Marlene alikuja anatembea polepole, na pai ya matufaha mikononi.

"Nilipiga hapana, Orrin," akasema mlangoni. "Mara zote mbili. Nimeona nikwambie mwenyewe."

"Wewe uliulizwa ukajibu," Baba akasema. "Mimi niliulizwa nikanyamaza."

Akampokea ile pai, akamkaribisha ndani.