Saini ya Ujirani

Ndugu zangu, ninyi mnaokaa kwenye mitaa ya zamani iliyopanda mawe kutoka ziwani, nawaeleza yaliyoipata nyumba ya jirani yangu Alexander Malimi. Sikuyasikia kwa watu. Nimekaa naye mtaa mmoja wa Jiwe Pana, hapa Mwanza, miaka thelathini na saba, na mengine niliyaona kwa macho yangu mawili.

Miaka michache tu iliyopita, asubuhi zetu zilikuwa hivi. Dorcas, mke wa Alexander, anatoka na beseni la dagaa kichwani, anashuka kwa njia ya miguu inayopita kati ya nyumba mpaka kwenye jiwe bapa lililoupa mtaa jina. Anawamwaga dagaa, anawatandaza kwa ufagio wa chelewa, polepole, wasilaliane. Kunguru wakija anawatupia kokoto na kuwatukana kama watu wazima. Tulikuwa nyumba kumi na nne, hakuna ukuta hata mmoja. Ua wa huyu ulikuwa njia ya yule, na hakuna aliyeona haja ya kuliandika jambo hilo.

Basi watu wenye uwezo wakagundua kwamba kutoka kwetu ziwa linaonekana lote.

Niwaeleze kwanza jinsi kiwanja kilivyouzwa kwetu. Muuzaji na mnunuzi wanakaa uani, mwenyekiti wa mtaa anakuja na muhuri, na majirani wa mipaka wanaitwa kuweka saini kwamba mpaka ni ule. Kisha soda. Kuitwa kusaini ilikuwa heshima. Ukiomba kuisoma karatasi kwanza, watu wanaangaliana, kana kwamba umemwita mwenzako mwizi au umemwonea wivu. Alexander aliitwa kila mara, maana ana mwandiko mzuri na roho nyepesi.

Jirani yake wa kushoto alipouza, Alexander akasaini. Haukupita mwezi, ukuta ukasimama, na njia ya kwenda kwenye jiwe ikaishia kwenye tofali. Dorcas akaanza kuzunguka na beseni lake mpaka barabarani, kutafuta pengine pa kuanika. Dagaa wakichelewa jua wananuka, na wateja wa soko la Buzuruga wananusa kabla ya kuangalia. Jirani wa kulia naye akauza. Alexander akasaini. Ukuta wa pili ukaja, huu una vipande vya chupa juu.

"Umesaini tena?" Dorcas alimuuliza.

"Ni jirani yangu. Ningekataaje?"

"Ulisoma kilichoandikwa?"

"Wewe mwanamke, mtu anahama na machozi, mimi nianze kumsomea karatasi!"

Msimwone Alexander mjinga. Mimi mwenyewe nilisaini mara tatu, na soda nilikunywa.

Mwaka huu zamu ikamfikia Tereza, mjane ambaye kiwanja chake kiko chini ya nyumba ya Alexander. Magoti yake hayawezi tena mawe yetu, akataka kwenda kukaa na binti yake Kisesa. Siku mbili kabla ya kuandikishana, dalali Josephat alipita kwa Alexander. Alinikuta pale, nikichambua mchele na Dorcas.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Alexander. "Baba, kesho kutwa tunakuhitaji kwa mama Tereza, ile kazi yako ya kalamu. Ukimaliza, tukae tuongee ya kwako."

"Ya kwangu yapi? Mimi siuzi."

Josephat akacheka. "Utauza tu, baba. Nyuma yako majabali. Kulia ukuta, kushoto ukuta. Mzee Rugambwa akishanunua na kujenga hapo chini, utatokea wapi? Labda ununue helikopta. Uza mapema, nyumba isiyo na njia haina mnunuzi mwingine."

Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Nikaacha ungo. Alexander alikuwa anaangalia kushoto, kulia, halafu chini kwa Tereza, ilikopita njia yake pekee iliyobaki. Nyumba ile aliijenga kwa kubeba mawe begani. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza alielewa kwamba alijifungia humo kwa mkono wake mwenyewe.

"Kesho kutwa husaini," Dorcas akasema.

"Nimwambie nini Tereza? Ndiye aliyemlea binti yetu Hellen ulipolazwa miezi miwili. Leo nimharibie mauzo yake?"

"Mwambie isomwe."

Siku ikafika. Tereza alikuwa amefagia ua vizuri na kutandika kitambaa cha kufuma mezani. Mzee Rugambwa, mnunuzi, mstaafu mwenye miwani na fimbo, alikaa karibu na mwenyekiti. Josephat akasukuma karatasi. "Saini hapa, baba, na hapa."

Alexander akaishika kalamu. Jasho lilimtoka, nawaambia kweli. Kisha akailaza juu ya kitambaa. "Naomba isomwe kwanza. Kwa sauti."

Tereza akainua uso. "Alexander, unanizuia mimi?"

"Sikuzuii, dada. Naomba kusikia."

Wakanipa mimi niisome, maana darasa la saba nilimaliza na macho bado yapo. Nilisoma neno kwa neno, na kidole chini ya mstari. Kaskazini kinapakana na kiwanja cha Alexander Malimi. Mashariki ukuta. Magharibi ukuta. Kusini barabara. Nikageuza nyuma, nako kweupe. Njia haikutajwa.

"Na hii inayopita hapa?" Dorcas akaonyesha kwa mkono.

"Hicho ni kichochoro cha kuku," Josephat akasema.

"Basi kuku ni mimi, na huyu mume wangu jogoo. Tutage wapi?"

Hata mwenyekiti alicheka. Rugambwa hakucheka. Alimtazama Josephat. "Mimi niliambiwa huko juu hakuna anayekaa. Kwamba mwenye nyumba anahama."

"Nani anahama?" Alexander akauliza.

Rugambwa akasimama na fimbo yake, akapanda njia ile mpaka mlangoni kwa Alexander, akashuka taratibu. Tereza muda wote alikuwa anakunja pembe ya kitambaa. Tulijua akighairi mzee huyu, safari ya Kisesa imekufa.

"Mnataka upana gani?" Rugambwa akauliza.

Nikamjibu mimi. "Upana wa kupitisha jeneza likiwa limebebwa, na wabebaji pande zote mbili."

Rugambwa akaegemea fimbo yake. "Hata mimi nitaihitaji siku moja," akasema. "Leteni kamba."

Ikapimwa, vigingi vikapigwa. Mwenyekiti akaiandika njia kwenye karatasi, na kila mmoja akasaini pembeni ya maneno yale, Alexander wa mwisho, kwa mwandiko wake mzuri. Tereza alimshika mkono. "Mimi nilidhani umeshanichoka," akamwambia.

Sitawadanganya kwamba yote yalirudi. Jiwe la dagaa bado liko nyuma ya ukuta wa kwanza. Tumepeleka malalamiko na tunafuatilia. Katika nyumba kumi na nne tumebaki tano. Lakini Alexander analala kwake na anatoka kwake kwa miguu yake. Nasi wa nyumba hizo tano, pamoja na Mzee Rugambwa, tumekubaliana: karatasi ya kiwanja haisainiwi Jiwe Pana mpaka isomwe uani, kwa sauti, wanawake wakiwepo.

Mafunzo ya hadithi hii

Wageni wanaohamia kwetu si adui, na anayeuza chake ana haki ya kuuza. Kilichotuangusha ni sisi kuona aibu kuuliza. Tulidhani kumpenda jirani ni kumsainia bila kusoma, kumbe tulikuwa tunamzungushia ukuta, na sisi wenyewe ndani yake. Mtaa wako ukianza kubadilika, andikeni mapema njia, kisima na mahali pa kuanika, wakati bado mnakaa wengi. Na ukipewa kalamu, ndugu yangu, omba isomwe. Anayekupenda atasubiri umalize kusikiliza.