Kitufe cha Mama Gertrude

Mpaka leo sijui nani alibonyeza kitufe kile, maana betri yake ilikuwa mfukoni mwangu.

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nimerudi kutoka soko la Likasi na betri mpya. Mama yangu, Gertrude, amepooza. Hasemi, kidole kimoja tu ndicho kinachomtii. Kwa ajili ya kidole hicho nilinunua kitufe kidogo cha bluetooth, nikakifunga kando ya kitanda chake na kukiunganisha na kompyuta yangu ya kuchezea, ndogo kama pakiti ya karata. Akibonyeza, kengele inalia. Ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo.

Lakini kwa siku kadhaa kengele ilikuwa ikilia ovyo. Kila mara nilikimbia, nikamkuta amelala. Nikafuta muunganisho, nikaandika programu upya, nikaulaumu umeme wa bwawa la Koni, nikazilaumu simu za majirani. Bure! Wiki ile mama alipaliwa na uji, akabonyeza, nasi tukadhani ni uongo ule ule. Dada yangu Albertine alimwahi kwa bahati tu.

Jioni hiyo nikatoa betri ya zamani, nikaitia mfukoni. Kabla sijafungua ile mpya...

Kengele ikalia.

Fupi. Fupi. Ndefu...

"Si ulitoa pile?" Albertine akanong'ona, akitazama tundu tupu la betri.

"Iko hapa mu mfuko."

Mlangoni alisimama Magloire, amekuja kumsalimia mama. Zamani ndiye aliyeshika kamba juu ya shimo, kule Shinkolobwe, wakati Blaise, mume wa Albertine, akichimba chini. Shimo lilimfukia Blaise. Mwili haukupatikana.

Magloire hakuingia.

"Ile ni kamba," alisema. "Blaise alikuwa anavuta vile. Ni kusema: munipandishe."

"Ya Magloire, kaka, acha mchezo," nikasema. " Programu inachelewesha alama za zamani, basi."

"Programu yako ilishuka Shinkolobwe siku gani?"

Nikaiinamia kompyuta nitafute kosa.

Fupi. Fupi. Ndefu...

Chumba kikanuka udongo mbichi na jasho.

"Siku ile ulimujibia?" Albertine akamuuliza Magloire.

"Kamba ilikatika mbele ya kumujibia."

Sikumhukumu. Aliye juu hujibu kwa mvuto mmoja mrefu: nimesikia, panda. Asipojibiwa, mchimbaji haachi kuvuta. Magloire alikuwa ameishi na jambo hilo peke yake.

Nilikishika kitufe, nikitaka kukitupa nje.

"Ukitupa, mama ataita na nini?" Albertine akanizuia. "Tia pile mupya. Tumujibie, atulie."

"Miye hapana," Magloire akarudi nyuma. "Mwenye kujibu ndiye anashika uzito."

"Basi nitashika miye. Alikuwa bwana yangu."

Tukakubaliana hivyo: Blaise ajibiwe, mara moja tu, na Albertine ndiye ajibu. Nikatia betri. Albertine akapiga magoti kando ya kitanda, akanyoosha mkono.

Mama alimtazama binti yake. Akamtazama sana.

Kisha akasogeza kidole chake, akamtangulia.

Kengele ikalia, mlio mmoja mrefu... Chaga za kitanda zikalia kama kamba inayokazwa na uzito wa mtu.

"Mama, achia," Albertine akasihi. "Inatosha. Mama!"

Magloire naye akaingia mbio, tukakivuta kile kidole, sote watatu.

Hakikuachia.