Mke Mwenza wa Uani

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, nikiwa juu ya ukuta unaotenganisha ua wangu na ua wa Fundi Grisi, na anayebisha aje nimwonyeshe alama za magoti yangu kwenye chokaa. Shule niliiacha njiani, lakini kuona hakuhitaji cheti.

Ilianza na harufu. Fundi Grisi alikuwa anatengeneza injini za boti, na mtu wa kazi hiyo hunuka petroli hata akitoka kuoga. Mchana mmoja akaingia ndani kula, ananukia marashi. Mkewe akaacha mwiko sufuriani.

"Umetoka wapi?"

"Uani."

"Uani kuna nani?"

"Kuna injini, mke wangu. Kuna nani tena?"

Kweli, uani palikuwa na injini tu, kuukuu, rangi imebabuka, imefungwa wima kwenye kigogo. Aliipata kwa mtu aliyeikuta imenasa miambani, boti haipo, mwenye boti hayupo. Sasa injini ya boti ukiiwasha nchi kavu lazima uinyweshe. Inapozwa na maji, na ikiyakosa, mpira wa pampu unaungua kabla hujamaliza kupiga chafya. Kwa hiyo Fundi alivuta mpira wa maji kutoka bomba la uani, akaubana kwenye matundu ya chini, na injini ikinguruma unaona kijito chembamba kinatoka ubavuni. Kijito kikiwepo, iko salama. Kikikatika, zima mbio.

Balaa ni kwamba bomba la uani na la jikoni ni njia moja, na hata la kwangu limechipuka hapo hapo. Shemeji, mke wa Fundi, akifungua maji aoshe vyombo, kijito kinanyong'onyea, na mumewe anafoka kutoka nje, "Funga hilo bomba, utaniulia mtoto wa watu!" Basi mwanamke anakaa na masufuria yake yenye ukoko, anamsikiliza mwenzake anavyokunywa.

"Feni nimeomba tangu tuoane," aliniambia, amesimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni. "Yeye kanunuliwa oili mpya, plagi mpya, na anapanguswa kwa kitambaa laini. Unajua kitambaa gani? Gauni langu la uchumba."

"Shemeji, unaonea wivu chuma?"

"Chuma hakijipaki marashi. Wewe ukuta unao, na umbea unao. Panda unichungulie."

Nikapanda. Jua lilikuwa la utosini, mtaa kimya, hata kuku wamejificha. Fundi alikuwa ameifungua pampu anaisafisha. Mle ndani, mahali pa mchanga na chumvi, akavuta unywele. Akavuta tena, zikaja nywele za mwanamke, nyeusi, ndefu, zimelowa, zikaja mpaka zikamjaa kiganja, na yeye badala ya kuzitupa akazichana kwa vidole, taratibu, akazisokota akazitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kisha akaifunga pampu, akafungulia maji, na kabla hajaishika kamba ya kuwashia, kamba ikajivuta yenyewe.

Injini ikanguruma pole, kama mtu anayekunwa mgongo.

"Nipo," Fundi akainong'oneza. "Sijaenda popote."

Jikoni mkewe akakohoa. Injini ikapandisha sauti bila kuguswa, misumari ya kigogo ikalia, na ndani ya ule mngurumo nikasikia maneno, "Bado yupo?"

Mimi ni jasiri, mtaa mzima unajua. Nilishuka ule ukuta kwa ujasiri mkubwa, bila hata kuutumia.

"Vipi?" shemeji akaniuliza.

"Kuna mwanamke," nikasema. "Ila sijui nikwambieje alipo."

Jioni Fundi akamwambia mkewe, macho chini, "Funga nguo zako, ukapumzike kwenu kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mwenyewe hapendi kelele."

"Mwenyewe nani, baba? Nyumba hii tofali nimebeba mimi."

Fundi alikuwa ananusa kiganja chake.

Kesho yake shemeji hakufunga nguo. Alingoja mumewe ashibe na kujilaza, injini ikiwa inanguruma uani peke yake, akaenda jikoni akafungulia bomba mpaka mwisho, akajaza ndoo, akajaza beseni, akaosha masufuria yote ya siku zote zile, na mimi juu ya ukuta nikaona kijito kinakonda, kinakuwa uzi, kinakuwa matone, halafu mvuke, na harufu ya mpira unaoungua ikachanganyika na marashi, na injini ikaanza kupiga kelele ambayo si ya chuma, kelele ya koo, ya mtu anayechomwa akiwa amefungwa, ikisema, "Mke mwenzangu, maji, nionee huruma, tone moja tu," na shemeji akatoka jikoni na kata iliyojaa, akasimama mbele yake, akaimwaga chini polepole na kusema, "Kanywe kwenu."

Ikagonga mara moja, ikakwama. Kimya.

Ndipo lile tundu la ubavuni likatema tone la mwisho, la moto, likamrukia shemeji mdomoni. Akalilamba, kama yeyote anavyolamba akiungua. Akageuka, akaiinamia ndoo, akanywa. Akaimaliza, akaendea beseni.

Fundi akatoka ndani. Nilijua atamuua kwa ajili ya injini yake, lakini alisimama tu akimtazama mkewe kwa jicho ambalo hajawahi kumtazama nalo, akamshika nywele. Zilikuwa zimelowa.

Basi akaitwa mganga, mzee mfupi mkali, akafukiza, akalikemea lile jini mpaka likatoka kwa kwikwi, shemeji akalala salama, injini ikaenda kwa chuma chakavu.

Nilisema yote niliyaona, na ni kweli, isipokuwa mganga. Huyo nimemtia mwenyewe, ili mpate usingizi. Mganga nani angemwita? Fundi? Hajawahi kuwa na furaha vile. Feni imenunuliwa. Mchana anamkalisha mkewe chini ya bomba, anampangusa shingo kwa kile kitambaa, na kwangu maji yanakatika.

Juzi yalikatika kabisa, mke wangu akalalamika, nikapanda ukutani niwaombe wafunge. Shemeji akainua uso, akanitazama, akacheka. Nilikaa pale juu kidogo kuliko nilivyokusudia.

Niliposhuka na kuingia ndani kula, mke wangu aliacha mwiko sufuriani, akaninusa.